Maswali ya Mpira wa Wavu: Mbona Umeganda Chini ya Nyavu?

Nikishatua kutoka bloku (kuruka wavuni kuzuia mpira wa wapinzani), seta, yaani mpandishaji, ananipa mpira nikiwa nimebanwa na wavu, naugusa kwa ncha za vidole tu. Anakosea wapi? (Mchezaji, Nkuhungu)

Seta mwache. Jumamosi nilikaa pembeni ya kiwanja kimoja cha vumbi hapa mjini. Mechi ilipoisha nikatazama chini: karibu na wavu udongo umesagika kama unga wa dona, lakini nyuma ya mstari wa mita tatu kutoka wavuni, kule pembeni wanakotakiwa kuanzia wapigaji, michirizi ya fagio la asubuhi bado ipo. Seti tatu nzima hakuna aliyerudi huko!

Ukitua, tua kwa miguu yote miwili (goti halina spea), geuza mwili palepale, kimbia hatua tatu au nne mpaka nje ya mstari. Kimbia, usirudi kinyumenyume kama unayeaga wakwe. Macho yafuate mpira juu ya bega. Ndipo unaingia kupiga: kushoto, kulia, kushoto, kama unapigia mkono wa kulia. Ya kwanza ya kupima tu, mbili za mwisho za haraka. Na usiseme muda hautoshi. Mguso wa bloku hauhesabiwi, timu yako bado ina mitatu.

Nifanye zoezi gani niruke juu zaidi? (Wasomaji wanne, wiki hii pekee)

Soma jibu la juu. Bila nafasi ya kuingia, hata ungekuwa na miguu ya swala utaishia kuupiga wavu. Swali hili naomba sasa lipumzike.

Mimi ni wa mkono wa kushoto, naanza na mguu gani? (Mwanafunzi, Mpwapwa)

Kulia, kushoto, kulia.

Nina wasichana kumi na wawili, mpira mmoja, koni hakuna, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inakaribia. Nianzie wapi? (Mwalimu, Kongwa)

Mwalimu, hata huo mmoja uweke kando kwanza. Okoteni mawe na miiba mtupe, chora kwa majivu mstari wa mita tatu, na hatua moja nyuma yake weka kandambili tatu. Watatu wasimame wavuni. Filimbi: bloku, tua, geuka, kimbia uguse kandambili, ingia, ruka upige hewa. Mara sita, kisha watatu wengine, waliotoka wahema. Miguu ikishaijua njia ndipo urushe mpira kutoka ng'ambo, wa nyuma aokoe, seta apandishe. Fanyeni asubuhi, kabla upepo wa huku haujaanza kuuchezea mpira.

Na tafadhali, zile raundi ishirini za kuzunguka uwanja waachieni wa riadha. Mchezaji wa wavu anakimbia hatua nne na kugeuka, seti nzima. Mfundishe kugeuka.

Binti yangu alikuwa mstari wa nyuma, akapiga smashi safi, mwamuzi akapuliza. Kaonewa? (Mzazi, Kikuyu)

Mzee wangu, hujasema alirukia wapi, na kesi yote iko hapo. Akirukia nyuma ya mstari wa mita tatu ni halali, hata akitua mbele. Akiukanyaga wakati wa kuruka, na mpira uko juu kuliko wavu, ni kosa. Na kama jezi yake ilikuwa ya rangi tofauti na wenzake, yaani libero (mlinzi wa nyuma asiyeruhusiwa kupiga smashi), basi hapo hata mngekata rufaa mpaka kesho.