Jino la Kupandikiza Halitoboki, Majirani Zake Ndio Hutoboka

Mtu akishatoa mamilioni yake ya shilingi Kampala akapandikiziwa jino, hudhani kuoza kumekwisha. Ni kweli kwamba skrubu ya titani (aina ya metali) iliyo ndani ya taya haiozi, wala kofia ya kauri juu yake haitobolewi na asidi. Ila vijidudu vilivyotoboa jino la kwanza bado vimo kinywani, vinangoja kulishwa.

Chakula chao ni sukari. Vikiipata huigeuza kuwa asidi, na pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, jino huanza kupoteza madini. Mate huchukua nusu saa au zaidi kuituliza asidi hiyo. Ndiyo maana soda inayonywewa tone kwa tone tangu saa nne hadi saa nane, hasa kwa wanaoshushia mairungi (miraa), huharibu kuliko soda ileile iliyonywewa mara moja pamoja na chakula. Chupa ya nusu lita hukaribia gramu 50 za sukari. Kwa mtu mzima ni vizuri isizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Na muwa hausafishi meno, hata wauzaji waseme nini. Kuumenya kwa jino la kupandikiza ndiyo balaa zaidi: kofia inaweza kulegea au kupasuka.

Jino la jirani likioza hadi kwenye mzizi, usaha wake unaweza kufika kwenye mfupa ulioshika skrubu. Utando mchafu ukikaa shingoni mwa skrubu, ufizi huvimba na kutoka damu. Jino la asili lina nyuzi zinazolifunga kwenye mfupa na ufizi. Skrubu haina nyuzi hizo, hivyo uambukizo huteremka haraka, mara nyingi bila maumivu. Wengi hushtuka skrubu ikianza kucheza.

Kwa hiyo ziba matundu yote na usafishe ugaga kabla ya kupandikiza. Pima pia sukari ya damu: kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona. Sigara nayo hivyohivyo.

Saa 24 za kwanza baada ya kupandikiziwa usisukutue, usinywe kwa mrija, wala usile cha moto. Wiki mbili zinazofuata, matoke yaliyopondwa, mayai, maharagwe laini, maziwa na mukene (dagaa) wa kusaga vinatosha. Simsim iache, punje zake hujificha kwenye kidonda. Mfupa huhitaji miezi 3 hadi 6 kushikana na titani, na muda huo mahindi ya kuchoma yatafunwe upande mwingine, au yaachwe kabisa.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, uteme bila kusukutua maji. Pembeni mwa skrubu pitisha kiburashi chembamba cha katikati ya meno kila usiku. Chenye waya uliofunikwa plastiki ndicho kizuri, kisiikwaruze titani. Damu ikitoka hapo siku mbili tatu mfululizo, usingoje miadi ya kila miezi 6, mwone daktari wa meno.