Kipofu, Dadu na Magenge Mawili

SWALI: Ndugu Mhariri, katika filamu ya kwanza ya Zatoichi, iliyotolewa Japani mwaka 1962, mkandaji kipofu anawala fedha wacheza kamari. Je, alishinda kwa haki? Na yale magenge mawili yanayopigana humo yaliwahi kuwapo? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, mchezo ule huchezwa kwa dadu mbili zinazofunikwa kikombe, na wachezaji hukisia kama jumla yake ni shufwa au witiri. Ichi, yule mkandaji kipofu aliye pia hodari wa upanga, aliyeigizwa na Shintaro Katsu, anapofunika, dadu zinaonekana zimeangukia nje, na wale wanaume, badala ya kumtanabahisha kipofu, wanaweka fedha kwa kile wanachokiona. Ndipo anapoziokota akisema kwamba zimemtoka kwenye mkono wa nguo, kisha anafunua kikombe chenye dadu za kweli. Kwa maoni yangu hakumdhulumu mtu, kwani kilichowaponza ni tamaa yao, na mwongozaji Kenji Misumi ametupa hapo tabia yote ya Ichi bila upanga kuchomolewa.

Magenge yalikuwapo. Wafuasi wa Sukegoro wa Iioka na Shigezo wa Sasagawa walipigana karibu na mto Tone mwaka 1844, enzi ambazo serikali ya Tokugawa, iliyoitawala Japani, ilikuwa imepiga marufuku kamari bila kuweza kuikomesha. Hirate Miki, yule mpiga upanga mgonjwa anayefanya urafiki na Ichi, naye anakumbukwa katika vita hiyo, ilhali Ichi mwenyewe ametokana na maandishi mafupi ya Kan Shimozawa.