Breki ya mbele haina kosa: kumwanzisha mdogo wako pikipiki

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Amepata kazi hapa Morogoro kwenye duka la vipuri, na mwezi ujao atapewa Boxer ya cc 150 ya kusambazia mizigo. Baiskeli anaijua vizuri, pikipiki hajawahi kuigusa. Mimi naendesha mwaka wa sita sasa, nataka nimwanzishe mwenyewe kabla hajafundishwa na vijana wa kijiweni. Jumamosi nilimpeleka uwanja wa mpira nikakaa nyuma yake. Kila akitaka kuondoka inamzimia, na mara moja iliruka mbele tukaenda chini wote wawili. Nimemkataza kabisa breki ya mbele, atumie ya nyuma tu. Nianzie wapi, na lini aingie barabarani? Na je, niendelee kukaa nyuma?

JIBU: Pole kwa kuanguka, dada. Nianze na hilo katazo la breki ya mbele, maana ndilo la kufuta kabla ya Jumamosi nyingine. Kuzima na kuruka kunakwisha kwa mazoezi ya siku mbili tatu. Mguu ukishazoea kuwa ndio pekee unaosimamisha pikipiki, kuuzoesha upya ni kazi.

Ukikamata breki, uzito wa pikipiki na wako unasogea mbele. Mwambie mdogo wako asimame pembeni akutazame ukisimama kutoka kasi ya 20: ataona shokapu za mbele zinazama na mkia unanyanyuka. Wakati huo tairi la mbele limekandamizwa chini na lina mshiko wa kutosha. La nyuma limebaki jepesi, na ukilikanyagia breki kwa nguvu linagoma kuzunguka, linaanza kuserereka huku na huku. Kwenye lami kavu, anayetegemea breki ya nyuma peke yake anahitaji karibu mara mbili ya umbali wa anayetumia zote mbili. Mtoto akikatiza mbele yake, umbali huo hana.

Maneno ya vijiweni kwamba breki ya mbele inaangusha yana chanzo. Inaangusha kwa namna tatu: ukiinyakua ghafla kabla uzito haujahamia mbele, ukiikamata huku usukani umekata kona, na ukiikamata juu ya mchanga au kokoto. Hapo tairi la mbele linafunga, na likifunga usukani hauna kazi tena. Kwa hiyo cha kumfundisha ni kufinya. Afinye kama anayekamua chungwa, aanze taratibu kisha aongeze mpaka pikipiki isimame, huku mguu wa kulia ukikanyaga breki ya nyuma kwa wepesi. Tairi la mbele likifunga, aachie mara moja na kufinya upya. La nyuma likianza kuserereka na pikipiki bado imenyooka, apunguze mguu polepole.

Pengine kwenye hiyo Boxer breki ya mbele haikamati hata kidogo. Pikipiki nyingi za kazi hukutwa waya wake umelegezwa makusudi. Ipime hivi: injini imezimwa, isukume kwa miguu kisha vuta mkono wa breki. Shokapu zisipozama na pikipiki isiposimama papo hapo, ipeleke kwa fundi. Ncha ya mkono wa breki icheze bure kama milimita 10 hadi 20 kabla shuu, yaani vibao vya breki, hazijagusa dramu ya gurudumu, na kanyagio la nyuma milimita 20 hadi 30. Mnyororo, ukiusukuma juu na chini katikati, ucheze milimita 20 hadi 30. Ukiwa umekaza sana unakula beringi, ukilegea unaweza kutoka njiani na kubana tairi la nyuma. Upepo wa Boxer kwa kawaida ni PSI 25 mbele na 28 nyuma akiwa peke yake, na nyuma hupanda hadi 32 akibeba mzigo au abiria. Upepo upimwe kwa geji asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa sababu kidole gumba hakioni tofauti ya 20 na 28.

Sasa uwanja. Uwanja wa mpira wenye nyasi unafaa kwa siku ya kwanza tu, baada ya hapo tafuta eneo gumu na tambarare, la lami au changarawe iliyoshindiliwa, lisilo na mchanga juu. Mazoezi ya breki kwenye nyasi yanampa picha ya uongo.

Siku hiyo ya kwanza injini isiwashwe kwa nusu saa nzima. Aisukume, aizungushe, aipandishe stendi kubwa na kuishusha, apande na kushuka upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna ekzosi, na wengi wana alama yake kwenye ndama ya mguu. Pikipiki hii ina kilo mia na ushei. Lazima mwili wake ujue inapoanza kulemea ni mahali gani, na kwamba ikishapita hapo haizuiliki kwa misuli. Aikariri pia stendi ya pembeni. Akiondoka akaisahau chini, kona ya kwanza ya kushoto itamnyanyua tairi.

Kuzima kunatokana na kuachia klachi yote kwa mkupuo. Kuruka kunatokana na kosa hilohilo, ila safari hii mafuta yalikuwa yamefunguliwa sana. Dawa yake ni kumwondolea mafuta kabisa. Injini inaunguruma yenyewe, gia ya kwanza, miguu yote chini. Aachie klachi milimita kwa milimita mpaka asikie mlio wa injini unashuka na pikipiki inataka kusogea. Hapo asimamishe vidole, asiendelee kuachia. Asogee mita moja, avute klachi, arudi nyuma kwa miguu, arudie. Mara 20, na asitazame mkono. Vidole vikishajua mahali hapo ndipo umwongezee mafuta kidogo.

Kuna jambo moja la kumwangalia kwa karibu hapa: kiganja chake cha kulia. Mwanafunzi hushika mkono wa mafuta huku kifundo kimening'inia chini. Pikipiki ikisogea ghafla mwili unabaki nyuma, mkono unavutika, na mafuta yanazidi kufunguka. Kadiri inavyokimbia ndivyo anavyozidi kuivuta. Nadhani ndivyo mlivyoanguka. Mpange upya kila anapoondoka: kiganja kimenyooka sawa na mkono, viwiko vimekunjwa, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo. Halafu mzoeshe jibu moja la dharura. Ukipiga kelele "klachi!", anavuta klachi yote, hata kama hajui kimetokea nini. Mshtue nalo mara kadhaa kila siku, mpaka alifanye kabla hajafikiri.

Gia msifundishane kwa mazoea ya pikipiki yako. Mpangilio haufanani: kuna ambazo gia zote zinakanyagwa mbele, na kuna ambazo ya kwanza iko chini na zinazofuata zinainuliwa kwa ncha ya kiatu. Itumieni ileile Boxer atakayopewa, au mfano wake hasa. Mtu aliyezoea mpangilio mmoja, akiingia kwenye kona na mwingine, anaweza kupunguza gia alipotaka kuongeza, na tairi la nyuma likafunga.

Kona, kwanza za polepole. Weka mawe mawili umbali wa mita 10, azunguke kwa umbo la nane. Macho yaende mahali anapotaka kutokea, kichwa kigeuke chote. Akilitazama jiwe atalipanda. Kwa mwendo huu klachi iwe nusu, na breki ya nyuma iguswe kwa wepesi kuituliza pikipiki. Ya mbele hapa asiiguse, usukani umekatwa. Kona za kasi ya 25 kwenda juu zina siri inayowachanganya waliotoka kwenye baiskeli, ingawa nayo hufanya vivyo hivyo bila wao kujua: ili kwenda kushoto, anasukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, na pikipiki inalala kushoto. Ajaribu kwenye mstari ulionyooka, msukumo mdogo sana wa kushoto kisha wa kulia, aone inavyoitikia. Asiyejua hili, akikutana na shimo ghafla, hujaribu kukwepa kwa kuegemeza mwili tu, na pikipiki haisogei upesi.

Halafu breki, kila siku dakika 15 za mwisho. Chora mstari, aje kwa kasi ya 20, aanze kufinya tairi la mbele likigusa mstari. Kwanza ya mbele peke yake ili aondoe woga, kisha zote mbili, huku akivuta klachi na kurudi gia ya kwanza. Zikitulia, panda hadi 30. Pima kwa futi kamba, usikadirie. Kutoka 30 mita 8 ni nzuri. Akivuka 10 bado hajaiva. Ukishapima, mwonyeshe hesabu hii: kwa kasi ya 40, sekunde moja ya kushtuka inamla mita 11 kabla hajagusa breki, na jumla atasimama kwenye mita 23 hivi. Kwa 60 ni kama 45. Mpimieni hizo 45 pale uwanjani kwa hatua, akazione zilivyo nyingi.

Kwa kijana anayejua baiskeli, vipindi 8 vya saa moja uwanjani vinatosha, lakini usimtoe kwa kuhesabu siku. Mtoe akishaweza kuondoka mara 20 bila kuzima, kufanya umbo la nane bila kuweka mguu chini, na kusimama kutoka 30 ndani ya mita 10 mara tano mfululizo.

Barabarani asiingie bila leseni ya kujifunzia, na hiyo haimruhusu kufanya kazi. Kwa cc 150 anahitaji daraja A, kwa sababu A1 ni ya pikipiki ndogo zisizofika cc 125. Mpeleke VETA au shule ya udereva iliyosajiliwa kwa mafunzo rasmi, wewe ubaki wa mazoezi. Mwajiri aonyeshe bima.

Helmeti mnunulieni mpya. Ya mtumba huwezi kujua kama imeshaanguka, na povu la ndani likishabonyea mara moja halilindi tena hata kama ganda linang'aa. Zungusha futi kamba kichwani juu kidogo ya nyusi: sentimita 57 au 58 kwa kawaida ni M, 59 au 60 ni L. Mashavu yabanwe kidogo. Akishafunga kamba ya kidevu, vidole viwili vipite na visizidi. Kisha ishike kwa nyuma ujaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ikivuka kichwa, si saizi yake. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa 69. Iliyoachwa kamba wazi huruka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Viatu vifunike kifundo, glovu ziwepo, suruali iwe ya jinzi. Kandambili haina mjadala.

Barabara ya kwanza iwe ya mtaani, Jumapili saa moja asubuhi. Kisha lami yenye magari machache. Mvua na usiku baadaye. Barabara kuu ya malori na makutano ya Msamvu azione mwisho kabisa. Asijibanze ukingoni mwa lami: pale ndipo penye mchanga, na dereva wa gari hamwoni. Afuate njia ya tairi la kulia la gari lililo mbele, aache sekunde 3. Daladala likiwasha indiketa ya kushoto, ahesabu kwamba mlango utafunguka na mtu atatoka mbio kuvuka. Kwenye tuta, breki zote zifanyike kabla, na aziachie tairi likigusa tuta ili shokapu zipate nafasi ya kucheza. Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndizo mbaya, kwa kuwa vumbi na oili vinaelea juu ya lami. Rangi nyeupe za zebra nazo huteleza.

Mzigo wa kazi: vizito kama betri vikae chini na karibu na kiti. Ukifungwa mkiani, nyuma ya ekseli, unanyanyua tairi la mbele, usukani unayumba na ile breki tuliyoihangaikia inapungua nguvu. Mwezi wa kwanza asizidishe kilo 15, na abiria asimbebe kabisa. Mwombe mwajiri wake akubali hilo kabla hajakabidhiwa funguo.

Na kukaa nyuma, acha. Uzito wako unambadilishia kila kitu anachojaribu kukijifunza, huifikii klachi wala breki, na akianguka unamwangukia. Uwanjani simama mita kadhaa kutoka anapopita. Barabarani panda pikipiki nyingine umfuate kwa nyuma, ukiwa kulia kidogo akuone kwenye kioo. Kubalianeni honi moja ni kupunguza mwendo, mbili ni kusimama pembeni. Kabla hamjaondoka mwambie akusimulie njia yote kwa mdomo, kona kwa kona; pale atakapobabaika kuisimulia, hapo ndipo mtasimama kwanza mkapatazame kwa miguu.