Maswali na majibu: Kugawa siku za hoteli ili bei ishuke

Katika safu iliyopita niligusia juu juu kwamba mtu anaweza kukaa hoteli ile ile siku nne mfululizo kwa buking mbili au tatu badala ya moja, akalipa pungufu. Sikutegemea ingewagusa wengi hivi. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi, na machache yaliyonifurahisha.

Mwandishi, hebu fafanua. Hoteli ni ile ile, chumba kile kile, siku zile zile. Bei itashukaje kwa sababu tu nimebuki mara mbili?

Mara nyingi haishuki. Naanza na hilo kwa makusudi, maana wapo walioanza kukata safari zao vipande vipande bila hata kupiga hesabu.

Chumba cha hoteli hakina bei moja. Kila usiku una bei yake, na ndani ya usiku mmoja kuna matabaka: bei ya mwanachama (aliyejiunga na mpango wa pointi wa hoteli), bei ya anayelipa mapema na harudishiwi kitu, bei ya makampuni, na bei ya wazi ambayo unaweza kuifuta hadi karibu na siku yenyewe. Kadiri vyumba vinavyojaa, hoteli hufunga matabaka ya chini na kubakiza ya juu. Sasa, ukiomba siku nne kwa pamoja, mifumo mingi hutafuta tabaka moja lililo wazi kwa siku zote nne. Likifungwa usiku mmoja tu, halionekani kabisa, hata kwa zile siku tatu ambazo bado lipo.

Tuchukue tarakimu za mfano. Unaingia Jumatano, unatoka Jumapili. Bei ya mwanachama ni 80 Jumatano, 80 Alhamisi na 130 Ijumaa. Jumamosi imefungwa kwa sababu hoteli imekaribia kujaa. Bei ya wazi ni 100, 100, 150 na 150. Ukiomba siku zote nne, unaonyeshwa 500. Ukibuki Jumatano hadi Jumamosi asubuhi kwa bei ya mwanachama, unalipa 290. Unaongeza usiku wa Jumamosi peke yake kwa 150, jumla 440. Hizo 60 si punguzo ulilopewa na mtu. Ni fedha ambazo usiku mmoja uliojaa ulikuwa unaziongeza kwenye siku tatu zisizo na hatia.

Jambo hilo hutokea pia kwa aina ya chumba. Chumba cha kawaida kikijaa usiku mmoja, tovuti inaweza kukuonyesha vyumba vikubwa tu kwa safari nzima, nawe ukadhani hoteli yote ni ghali. Hapo kugawa kunasaidia, ila ujue kwamba kuhama chumba ni lazima.

Kama mfumo wa hoteli unajumlisha tu bei ya kila usiku kutoka tabaka lolote lililo wazi, utagawa mpaka uchoke na jumla itabaki palepale.

Nitajuaje kama safari yangu ni ya kugawa au la, bila kukesha kwenye simu?

Acha kuangalia wastani wa bei kwa usiku, maana ndio unaoficha mambo. Fungua mchanganuo wa kila usiku, ambao hoteli nyingi huuweka kabla ya ukurasa wa malipo. Usiku mmoja ukiwa umepanda ghafla, au bei ya uanachama ikiwa haionekani kabisa wakati kwa kawaida ipo, hapo pana dalili. Tafuta usiku ule peke yake, kisha tafuta zilizobaki. Kama bei zinakaribiana usiku wote, funga simu ulale.

Linganisha jumla ya mwisho, yenye kodi na ada zote ndani, na ulinganishe bei za masharti yanayofanana. Watu hujisifu kwamba wameokoa fedha, kumbe wameacha buking yenye kifungua kinywa na ruhusa ya kufuta, wakachukua isiyo na chochote.

Na tafadhali angalieni tarehe. Buking ya kwanza ikiisha tarehe 14, ya pili huanza tarehe 14, si 15. Tarehe ya kutoka haihesabiwi kama usiku. Ukibuki 12 hadi 14 kisha 15 hadi 17, usiku wa 14 huna chumba, na hakuna mfumo utakaokuonya, kwa sababu kwao wewe ni wateja wawili tofauti.

Nasafiri na mama yangu mzazi, magoti yanamsumbua. Sitaki aambiwe kufunga mizigo katikati ya safari. Je, tutahamishwa chumba?

Mpe mama shikamoo yangu. Si lazima mhame kama buking zote ni za aina moja ya chumba, lakini msipoongea na mapokezi, kuhamishwa kunawezekana sana. Nitaeleza kinachotokea ili uone kwa nini.

Kwenye kompyuta ya hoteli, asubuhi ya siku ya kuunganisha, yaani siku buking ya kwanza inapoisha na ya pili kuanza, chumba chenu kinasomeka "mgeni anatoka leo". Mtu wa usafi anakuja na orodha inayosema hivyo hivyo: atoe mashuka, asafishe kila kitu, chumba kiandaliwe kwa mgeni mpya. Kadi ya mlango nayo imewekewa saa ya kufa. Saa tano au saa sita mchana inapita, mnarudi kutoka matembezini, mnagusa kitasa na taa inawaka nyekundu. Jina lenu lipo kwenye orodha ya wanaoingia leo, ila huenda chumba mlichopangiwa kipo ghorofa nyingine, na kinaanza kutolewa saa tisa alasiri. Katikati hapo mama amekaa kwenye kiti cha mapokezi na mkoba wake mapajani.

Yote hayo huondolewa kwa simu moja siku chache kabla ya safari: "Nina buking mbili zinazofuatana, namba zake ni hizi. Naomba mziunganishe tukae chumba kimoja mwanzo hadi mwisho." Piga hotelini kwenyewe, usiishie kwenye tovuti iliyokuuzia. Rudia ombi hilo mapokezi siku ya kuingia, na uombe kadi ya mlango iwekewe tarehe ya mwisho kabisa. Kama hawawezi, basi asubuhi ya siku ya kuunganisha pita mapokezi kabla ya kutoka, kadi ziwekwe upya, watu wa usafi waambiwe.

Angalizo moja: omba buking *ziunganishwe*, zisiandikwe upya kuwa moja. Mhudumu mwenye nia njema anaweza kufuta ya pili na kurefusha ya kwanza, na kompyuta ikapiga bei ya siku hiyo. Uliyemwomba alikuwa anakusaidia; bei ndiyo imekwenda.

Buking zikiwa na majina tofauti, moja lako na nyingine la mama, wataje wageni wote wawili kwenye kila moja. Na kama safari ina mgonjwa au mtoto mchanga, mimi binafsi ningelipa ziada kidogo nikabuki mara moja.

Hivi huku si kuwaibia wenye hoteli?

Hapana, ndugu yangu. Unanunua usiku waliouweka sokoni, kwa bei waliyoiweka wao. Mchezo wa bei wameuchagua wenyewe: mashirika ya ndege ya Marekani yaliupa kasi baada ya serikali kuacha kuwapangia nauli mwaka 1978, na Marriott ikawa miongoni mwa hoteli za mwanzo kuuiga katika miaka ya 1980. Tangu hapo bei ya kitanda hupanda na kushuka kama ya kiti cha ndege.

Wanajilinda pia. Usiku unaotakiwa sana huwekewa masharti ya kukaa angalau siku mbili au tatu, au hufungwa usiingie siku hiyo, hata kama aliyeingia jana yake anaruhusiwa kuendelea. Ukikutana na ukuta huo, kugawa hakuwezekani. Hapo ndipo kubuki kwa pamoja hukupa usiku ambao peke yake usingeuzwa kwako.

Nikigawa siku nne kuwa buking nne, nitahesabiwa kukaa mara nne kwenye pointi?

Wazo zuri, ila wamelifikiria kabla yako. Marriott na Hilton, kwa mfano, huhesabu siku zinazofuatana kwenye hoteli moja kuwa ni ukaaji mmoja, hata ukitoka na kuingia tena. Siku zako na pointi zako unazipata kama kawaida, idadi ya ukaaji haiongezeki.

Kwenye kulipa *kwa* pointi, kugawa kunaweza kukuumiza. Mwanachama wa Marriott akilipia siku tano mfululizo kwa pointi, usiku mmoja wapo, ule wa pointi chache zaidi, ni bure. Hilton nao wana usiku wa tano bure kwa vyumba vya kawaida, kwa wanachama wa hadhi ya Silver na kuendelea. Ukikata siku tano kuwa mbili na tatu, umeukata mkono unaokulisha. Kugawa kunafaa pale ambapo usiku mmoja ni ghali mno kwa fedha taslimu: lipa huo kwa pointi au kwa vocha ya usiku wa bure, mwingine lipa fedha.

Mbinu hii inafanya kazi kwenye nyumba za kupanga kwa siku?

Karibu kila mara ni hasara. Ada ya usafi hutozwa kwa kila buking, kwa hiyo ukigawa mara mbili unalipa usafi mara mbili. Juu ya hapo, Airbnb, tovuti ya kupangisha nyumba hizo, huwapa wenye nyumba nafasi ya kuweka punguzo la wiki kuanzia siku 7 na la mwezi kuanzia siku 28. Huko geuza hesabu: kama unahitaji siku 6, jaribu kuuliza bei ya 7. Wakati mwingine siku saba zinakuwa nafuu kuliko sita, na hakuna anayekulazimisha kukaa hadi dakika ya mwisho.

Ndege yangu huchelewa mara kwa mara. Kugawa ni salama kwangu?

Hapa kugawa kuna faida ambayo wengi hawaitaji. Usipotokea usiku wa kwanza wa buking moja ndefu, hoteli nyingi hukuhesabu kuwa hukuja, zikatoza usiku huo na kuachilia siku zilizobaki. Ukiwa na buking mbili, ya pili inabaki hai. Bado piga simu useme unachelewa.

Vilevile unaweza kuchanganya masharti. Siku za mwanzo ambazo una uhakika nazo, nunua kwa bei ya chini isiyorudishwa. Ile ya mwisho, ambayo mkutano unaweza kwisha mapema au shemeji akakung'ang'ania ulale kwake, ichukue kwa bei inayofutika. Kwa maoni yangu hii ni sababu nzuri zaidi ya kugawa kuliko fedha ndogo ndogo tunazokimbizana nazo.

Sasa ubaya wake. Hoteli huuza vyumba kupita idadi zikitegemea kwamba wapo wasiotokea. Wakitokea wote, kuna mgeni atapelekwa hoteli nyingine, na mapokezi hupendelea kumpeleka yule wa usiku mmoja, maana kumhamisha ni kazi ndogo. Buking yako ya usiku mmoja wa Jumamosi inakufanya ufanane naye. Zikiunganishwa mapema, kompyuta inaonyesha kwamba tayari umo ndani, mizigo yako imo ndani, na humsumbui mtu.

Ubalozi utazikubali buking tatu za hoteli moja kwenye maombi ya viza?

Kwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, wanachotaka ni uthibitisho wa malazi kwa muda wote wa safari. Buking tatu hazina tatizo ilimradi pasiwe na usiku ulioachwa wazi na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Zipange kwa tarehe, karatasi ya kwanza iwe ya siku ya kwanza. Na kabla viza haijatoka, zote ziwe za kufutika.

Hoteli inazuia fedha kwenye kadi kama dhamana. Watazuia mara mbili?

Inawezekana, kwa kuwa kila buking inafunguliwa hesabu yake, na ile dhamana ya kwanza inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa na benki. Mwenye kadi yenye salio la kubana aulize kiasi mapema, au aombe dhamana moja itumike kwa buking zote.

Nimeshabuki siku zote sita kwa pamoja. Nimechelewa?

Kama ni buking ya kufutika, hapana. Nunua kwanza vipande vipya, hakikisha uthibitisho wa kila kimoja umeingia kwenye barua pepe, ndipo ufute ya zamani. Ukianza kwa kufuta, unaweza kukuta chumba ulichokiachia kimechukuliwa, au kimerudi sokoni kwa bei ya juu. Kama ni ya kulipia bila kurejeshewa, iache kama ilivyo na usiangalie bei tena.