Wanza, kuhusu madeni yako na akiba

Wanza mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia jioni uko ndani ya matatu, muziki umefunguliwa hadi mwisho, na mambo ya pesa si ya kupayukiwa mbele za watu. Umeniuliza: “Mama, nimalize madeni yote kwanza ndipo nianze kuweka akiba, ama nianze sasa hivi na bado nadaiwa?” Unasema wenzako kazini wamekuambia umalize kwanza, maana akiba inazaa kidogo na deni linakula kikubwa. Kwa hesabu ya karatasi wamesema kweli. Lakini nimeketi na ile taarifa ya M-Pesa uliyonitumia, nikavaa miwani, nikaisoma mstari kwa mstari, na mimi nasema anza akiba leo.

Nilikuwa natafuta anasa humo. Sikuiona, labda ile siku moja ya kuku wa kuagiza, na hiyo nakusamehe. Nilichoona ni 90 za nauli siku ya mvua, makanga walipopandisha bei kama kawaida yao. Nikaona 350 usiku wa stima kukatika. Nikaona gesi, dawa ya mtoto, mchango wa matanga ya jirani. Vitu vidogo vidogo vya mtu yeyote anayeishi Pipeline, ila kila kimoja kilikukuta huna hata mia mbili za pembeni, basi ukafuliza. Sasa chukulia mshahara umeingia, umelipa kila anayekudai, umebaki na sifuri safi. Mvua ya tarehe 12 itakurudisha pale pale. Dawa ya deni ni kulipa, sikatai, lakini wewe hulipi deni, unalizungusha.

Tuanze na hiyo Fuliza, huo mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio linapopungua, maana ndiyo inayokuchosha bila wewe kuona. Ilipoanza Januari 2019 watu sokoni walisherehekea, na hata leo siwezi kuisema vibaya yote. Nimeona akina mama wakiokoa mzigo kwa ajili yake. Ukikopa shilingi 300 ukarudisha kesho, haina neno. Shida ni kwamba tozo ya kila siku haiangalii kile ulichokopa leo, inaangalia jumla ya deni lililosimama. Baada ya kupunguzwa Oktoba 2022, deni la kati ya 501 na 1,000 linatozwa shilingi 6 kwa siku, na siku tatu za kwanza ni bure. Ukipita 2,500 ni shilingi 25 kila siku, uwe unadaiwa 2,600 ama 70,000. Yako imesimama 4,800. Zidisha 25 kwa siku 30 uone: 750. Huo ni kama mfuko wa unga kila wiki, na deni lenyewe halijapungua hata senti.

Kisha inajilipa yenyewe. Pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako, inakatwa kabla hujaishika. Mshahara unaingia saa nne asubuhi, saa nne na dakika moja umepungua, jioni unafuliza tena ya kununua mboga. Kwa hiyo utahitaji mwezi mmoja mkavu. Mwezi mmoja wa kuiacha ijikate yote na wewe kutorudi. Deni likiisha, ingia *234# ujiondoe kwenye huduma siku hiyo hiyo, kabla hujapata sababu ya kutojiondoa.

Utafanyaje ili huo mwezi usiume sana? Pesa unazonitumia, elfu tatu kila mwezi, nitumie elfu moja hadi Desemba. Usibishane na mimi. Na zile za katikati ya mwezi acha kabisa, kwani nilijua zamani si zako, ni za kukopa. Mtu wa mshahara hatumi pesa tarehe 19. Ile zamu yako ya chama mnayochezea na wenzako inakuja Novemba, na najua mmepanga Diani. Diani haihami. Hizo elfu ishirini za chama zitaenda kwenye mikopo ya programu za simu. Ungetaka kujua kama naweza kukulipia hiyo 4,800 leo: naweza. Sitalipa. Nikikulipia, laini itakuwa wazi na mwezi ujao utaifuliza tena, kwa kuwa mambo yaliyokufanya ukope yatakuwa bado yapo.

Baada ya Fuliza, nenda kwenye ile mikopo miwili ya simu, wa 12,000 na wa 7,500. Watu huambiwa waanze na deni dogo ili wapate moyo, na labda kwa wengine inafaa. Wewe anza na linalokula zaidi, hata kama ni kubwa. Kukupa picha: M-Shwari, ile ya kuweka akiba na kukopa ndani ya M-Pesa, ada yake ya mkopo ni asilimia 7.5 kwa siku 30, na ukiweka ushuru inafika kama 9. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi, tena juu ya salio linalobaki. Kwa 12,000, moja inakula zaidi ya elfu moja mwezi wa kwanza, nyingine 120. Hazina ya Hustler, ile mikopo ya serikali, siasa zake tuziache kando, ilianza Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka mzima. Hizo programu zako mbili hazikuambii “kwa mwaka”, zinasema tu “ada ndogo”. Fungua kila moja usome unarudisha ngapi na kwa siku ngapi, uandike kwenye daftari. Kalamu na daftari, si kwenye simu. Simu ndiyo imekuponza.

Usichukue mkopo mpya kulipa hii ya zamani. Najua utaambiwa kuunganisha madeni ni busara, na kwa mtu aliyefunga milango yote inaweza kuwa. Wewe milango bado iko wazi. Utaunganisha, halafu miezi michache baadaye utakuwa na mkopo mkubwa na vidogo vipya juu yake.

Yule mdai wa programu aliyempigia mjomba wako Machakos kumwambia kwamba wewe ni mwizi, huyo asikutetemeshe. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha watu ama kuwapigia simu watu walio kwenye orodha yako ambao hawakukudhamini. Weka ujumbe wake, andika saa aliyopiga, uangalie kwenye orodha ya Benki Kuu kama ana leseni, kisha umlalamikie. Deni utalipa, lakini matusi hayamo kwenye mkataba. Ila usichelewe mpaka siku 90, maana hapo ndipo jina linapelekwa CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji, kama mdaiwa sugu, na kulisafisha ni safari.

Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara uache uendelee. Usiuguse, na benki wakikupigia kukuambia “umehitimu kuongezewa”, kataa kabla hawajamaliza sentensi. Mwangalie pia mwajiri: sheria ya ajira ya 2007 haimruhusu kukata jumla ya zaidi ya theluthi mbili ya mshahara. Ukihesabu yote, ushuru, SHIF ya matibabu, NSSF ya uzeeni, tozo ya nyumba na huo mkopo, usibaki chini ya theluthi moja. Nilivyoona hati yako ya mshahara hujafika hapo, ila nafasi iliyobaki ni nyembamba.

Halafu kuna deni usiloliandika. Yule rafiki yako wa chuo, elfu kumi na tano. Hana riba ndiyo maana unamweka mwisho, lakini nilimwona kanisani akanisalimia kwa haraka akaondoka. Mpigie. Mwambie utampa elfu mbili kila mwisho wa mwezi kuanzia mwezi ujao, na uzitume kabla hujamnunulia mtu soda. Na daftari la mama mboga lifutwe Jumamosi hii. Huyo ndiye benki yako ya kweli siku ya njaa.

Sasa akiba. Mia tano kila wiki, siku ya Ijumaa, hata katika ule mwezi mkavu. Lengo la kwanza ni elfu kumi tu, ya mvua, gesi na dawa. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini kibaba chenyewe kiwe na kitako. Yako huwa inavuja kwa sababu unaiweka kwenye laini ile ile unayonunulia nyanya. Iweke mahali pa kukusumbua kidogo. Akiba ya kufunga ya M-Shwari inafaa kuanzia, maana ukitaka kuitoa kabla ya muda unaambiwa usubiri saa 48. Siku mbili! Tamaa nyingi hazimalizi siku mbili. Dharura ya kweli ya usiku nipigie mimi.

Ukishapita elfu kumi na mikopo ya simu ikawa imeisha, zile pesa ulizokuwa unawapelekea usizizoee mfukoni. Zielekeze sacco, zikatwe kwenye mshahara kabla hujaziona, kama zilivyokuwa zikikatwa za deni. Hakikisha sacco imo kwenye orodha ya SASRA, wasimamizi wa sacco. Akiba za kule huzitoi mpaka ujiondoe uanachama, na ujiondoaji wenyewe mara nyingi una notisi ya siku 60. Vijana wanalalamika kuhusu hilo, mimi ndicho ninachokipenda. Halafu baada ya miezi kadhaa unaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yako, ukitaka kiwanja ama karo. Hazina za soko la fedha, zile zinazoitwa money market, ni nzuri pia kwa zile za dharura, pesa hurudi ndani ya siku chache za kazi, lakini hilo ni la mwakani. Hati za serikali, yaani kuikopesha serikali, zinataka 50,000 kwa mpigo, tusifike huko leo.

Njoo Jumapili baada ya ibada na daftari lenyewe, tuandike tarehe pamoja. Mtoto aje pia, nimemwekea sweta kutoka kwenye robota jipya la mitumba.

Na lile uliloniuliza mwishoni, la yule mwenzako kazini anayetaka umdhamini kwenye sacco yake utakapojiunga: usitie sahihi. Akishindwa kulipa, wanakata akiba yako wewe, na hutaweza kuondoka sacco mpaka amalize. Ukiona haya kumkatalia, mwambie mama yako amekataa, tena amekataa kwa hasira.

Ni mimi,
Mama