Mkanda au Dijitali Mchangani? Ami Anajibu

Mwezi uliopita niligusia kwamba kamera ya mkanda, yaani ya filamu, bado ina kazi yake kwenye mchanga na mawe, hata zama hizi za simu. Kumbe nachokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka Lamu mpaka Watamu, mengine ya kutaka kujua na mengine ya kunicheka. Nimechukua machache.

Ami, shikamoo. Niko Mambrui, napiga vilima vya mchanga kwa kamera ya dijitali. Mchanga unatoka kijivu kama saruji. Nikiongeza mwanga, unakuwa mweupe pe, hauna hata mkunjo. Nikihamia filamu nitapona?

Marahaba. Una magonjwa mawili, na filamu inatibu moja tu.

La kwanza ni mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake. Mita haijui mchanga wala makaa. Inaamini kila kilicho mbele yake ni cha wastani, kijivu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekeza kwenye mchanga unaong'aa, inadhani mwanga umezidi, inaubana, na dhahabu yako inageuka saruji. Hili humpata mwenye mkanda na mwenye dijitali sawasawa. Ongeza stopu moja, pengine moja na nusu, juu ya kile mita inachotaka. Stopu moja ni mwanga mara mbili. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni isiyohitaji mita kabisa: jua likiwa kali, tundu la lenzi liwe f/16, na kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, iwe moja juu ya namba ya ISO, ile inayoonyesha wepesi wa mkanda kupokea mwanga. Mkanda wa ISO 100 ukapigwa kwa sekunde 1/125, basi. Kwenye mchanga mweupe walibana tundu hadi f/22 (namba ikikua, tundu hupungua). Usione kama hiyo inapingana na niliyokuambia: mita ikiachiwa ingebana zaidi ya hapo.

La pili ni huo weupe uliokufa, na hapa ndipo njia zinapoachana. Chipu ya dijitali hupokea mwanga kama ndoo chini ya bomba. Ikijaa imejaa, kinachozidi kinamwagika, na hakuna kompyuta ya kukizoa, hata kama ulipiga kwa faili ghafi, ile RAW. Negativu, yaani filamu ambayo picha hutoka kinyume, cheupe kikawa cheusi, haifurikii hivyo. Ikizidiwa hulegea polepole, kama mtu aliyeshiba pilau lakini bado anadokoa. Negativu ya rangi kama Kodak Portra 400 hustahimili stopu mbili tatu za ziada na mchanga ukabaki na umbo lake. Kwenye kivuli mambo yanageuka. Negativu iliyokosa mwanga hutoa kivuli cha matope chenye chenga, ilhali faili ya dijitali ya leo unaweza kukichimba kivuli ukakuta nyayo za kaa humo ndani. Kwa hiyo ukishika dijitali, linda weupe. Ukishika negativu, pima kivuli, weupe utajitunza wenyewe.

Ila usichanganye negativu na slaidi, ile filamu inayotoa picha yenye rangi zake halisi moja kwa moja. Slaidi kama Fujifilm Velvia 50 ina rangi za kumliza mtu, lakini uvumilivu wake ni mdogo kuliko wa hiyo kamera uliyo nayo sasa. Ukikosea nusu stopu, umeumia.

Na kabla hujatoa hata shilingi, mwanangu, nenda pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sisi tuko kama digrii 3 kusini mwa ikweta, na jua letu hupanda wima kama mkwezi. Ikifika saa tatu vivuli vya matuta vimeshaliwa, na mchanga usio na kivuli hauna umbo kwa kamera yoyote.

Ami, babu yangu hapa Shela ameacha kamera kwenye sanduku la mvule. Ndani ya kioo kuna kitu kama utandu wa buibui, na ndani ya kamera mna mkanda umeandikwa Kodachrome. Nifanye nini?

Mungu amrehemu. Tuanze na mkanda, maana habari yake ni mbaya. Kodachrome ilikuwa na namna yake ya kusafishwa isiyofanana na mikanda mingine, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, huko Kansas, Marekani, iliacha kupokea mikanda tarehe 30 Desemba 2010. Rangi zake hazitarudi. Wapo wanaoweza kuitoa kama picha nyeusi na nyeupe, na ukibahatika utaona sura. Mimi ningejaribu. Usifungue mlango wa nyuma wa kamera mchana. Irudishe kwanza filamu kwenye kopo lake kwa kile kimkono cha juu.

Huo utandu ni kuvu. Jangwani hakuna, ni tatizo letu sisi watu wa pwani, tunaolala na unyevu. Washa tochi, chungulia lenzi kutoka nyuma. Kikiwa pembeni tu, picha haitajua. Kikiwa katikati, picha zitakuwa na utusitusi, hasa ukielekea jua. Fundi anaweza kukisafisha kikiwa kichanga. Kikishang'ata kioo, kovu halitoki. Mimi nilipoteza lenzi nzuri kwa kuipenda mno: niliihifadhi miaka miwili kwenye mkoba wake wa ngozi, na ngozi ni chakula cha kuvu. Sasa zangu hukaa kwenye kopo la mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya silika jeli tunavyovitupa kila tukinunua viatu.

Kabla ya kuipeleka vilimani, angalia sponji nyeusi za kwenye mlango wa nyuma. Zikiwa zinabomoka kama keki, mwanga utaingia. Na mchanga uuogope kuliko kitu chochote. Chembe moja ikikaa kwenye bamba linalobana mkanda, inachora mstari kuanzia picha ya 1 hadi ya 36. Kwenye dijitali chembe hiyohiyo hukaa juu ya chipu na kuonekana kama doa angani, hasa ukibana tundu hadi f/16, lakini doa linafutika kwa kompyuta. Mkwaruzo wa mkanda ni wa milele. Wakati wa kusi usibadilishe lenzi juu ya kilima. Zamani ningekwambia beba mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017, na kusema kweli foronya safi ndani ya ndoo yenye mfuniko inafanya kazi vizuri zaidi.

Halafu, dada, wewe ni wa Shela na unajua: mvua inayochujwa na vile vilima ndiyo inayonywesha mji wa Lamu. Pita kando, usibomoe kingo kwa ajili ya picha.

Hii filamu si maringo ya vijana wa mtandaoni tu?

Nusu yake, ndiyo.

Ami, tunakwenda Chalbi, kundi la watu sita. Nibebe mikanda mingapi, au niache kabisa?

Usiiache, wala usiitegemee. Chalbi, kule Marsabit, ni ziwa lililokauka. Utakuta chumvi nyeupe hadi macho yanachoka, na kila nililomwambia wa Mambrui kuhusu weupe lizidishe mara mbili. Dijitali iwe kazi, na mikanda mitatu iwe anasa. Mkanda wa milimita 35 una picha 36, kwa hiyo hizo ni zaidi ya mia moja. Ukiwa na kamera ya mkanda mpana wa 120 inayopiga mraba wa sita kwa sita, kila mkanda ni picha 12 tu. Hapo ongeza mikanda.

Adui wa mkanda ni joto. Usiuache kwenye dashibodi hata kwa muda wa kunywa chai. Uweke kwenye kopo, kopo kwenye boksi la kubebea samaki (lililooshwa, tafadhali), na ukiutoa kwenye baridi subiri kama saa moja kabla ya kufungua kopo, la sivyo mkanda utatokwa jasho ndani. Ulioshapigwa huharibika kwa joto kuliko ambao haujapigwa, kwa hiyo ukirudi usiuweke kabatini hadi Idi. Upeleke.

Na hapo kwenye kupeleka ndipo moyo unapouma. Mimi niliwahi kurudi kutoka kaskazini na mikanda mitano. Studio moja niliyoiamini ikanirudishia minne, na wa tano ukiwa umeunguzwa na mwanga, pamoja na samahani. Sikuwa na nakala, kwa sababu mkanda hauna nakala. Ngamia wale siwaoni tena. Kadi ya kumbukumbu nayo hufa, lakini jioni ileile kambini unaweza kuinakili mara mbili. Upande wa pili, kamera ya mkanda ya kimakenika haitaki umeme, na kwenye safari ya siku nne bila pa kuchajia, wenzako wote watakuja kukuangalia kwa kijicho. Wa dijitali wabebe betri tatu.

Nataka kupiga Nyari kwa nyeusi na nyeupe. Nitumie mkanda wa kweli, au nipige rangi nibadilishe kwenye kompyuta?

Swali hili nimelipenda. Kwa asiyepajua, Nyari ni lile korongo la Marafa, nyuma ya Malindi, ambalo mvua na upepo vimelichonga mpaka matabaka ya mawe meupe, ya waridi na mekundu yakabaki yamesimama kama minara. Wazee wa huko husimulia kwamba palikuwa na nyumba ya matajiri waliooga maziwa, Mungu akaizamisha.

Ukitoa rangi, mekundu na ya waridi yanaweza kufanana, na minara ikajichanganya na ukuta ulio nyuma yake. Kwenye mkanda tatizo hili hutatuliwa kwa kichujio mbele ya lenzi. Kichujio chekundu hung'arisha jiwe jekundu na kutia giza anga la buluu. Kinakula stopu tatu hivi, kwa hiyo beba tripodi. Cha kijani hufanya kinyume kwa jiwe: jekundu linakuwa zito, jeupe linaruka mbele. Lazima uchague ukiwa umesimama pale, jua likishuka, na ukishabonyeza umeshaamua. Ukipiga dijitali kwa rangi, unachagua nyumbani, na kutoka picha moja unapata zote mbili. Hiyo ni faida kubwa, sitaificha. Ila ukiivuta buluu ya anga kwa nguvu kwenye kompyuta, chenga zinatokea na kingo za mawe zinapata mwanga wa uongo, kama taji. Kwa Nyari mimi huchukua mkanda na kichujio cha kijani, na dijitali huiacha garini.

Ukitaka kusafisha mwenyewe nyumbani: dawa ya nyeusi na nyeupe hupimwa kwa maji ya digrii 20, na maji yetu ya bomba mchana ni kama chai iliyosahauliwa. Beseni la barafu, au punguza muda. Dakika 10 za digrii 20 hushuka hadi kama 7 kwa digrii 24. Cha kuchekesha ni kwamba mkanda wa rangi husafishwa kwa digrii 38, ambazo sisi tuko nazo karibu kuliko watu wa Ulaya.

Nyota juu ya vilima vya Shela?

Dijitali. Mkanda ukiachwa wazi sekunde nyingi huanza kuchoka kupokea mwanga mdogo, na hesabu za mita hazifai tena. Ukitaka mistari ya nyota zinapozunguka, mkanda uko sawa, funga shata baada ya saa nzima. Ukitaka nyota zenyewe zikiwa nukta, shika dijitali na lenzi pana, na uende usiku usio na mwezi.

Mpwa wangu ananiletea mikanda kutoka Dubai. Mashine za uwanja wa ndege hazitaiharibu?

Zile za zamani hazina neno kwa mkanda wa chini ya ISO 800, ukipita mara chache. Mashine mpya za CT, zinazozungusha picha ya mkoba, zinaweza kuharibu mkanda wowote kwa kupita mara moja tu. Mwambie aitoe kwenye maboksi, aitie yote kwenye mfuko unaoonyesha ndani, na aombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono. Wengine hukubali. Na asithubutu kuitia kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, maana mionzi ya huko ni mikali zaidi.