Shavu na Mkojo, Wapi na Wapi?

SWALI: Mwanangu alizaliwa na tundu la mkojo chini ya uume, karibu na korodani, na uume wenyewe umepinda. Tulidhani tohara itamnyoosha, akatahiriwa na wenzake msimu wa Agosti 2024. Sasa madaktari wa Kisumu wanataka kukata ngozi ya ndani ya shavu wamtengenezee njia ya mkojo. Shavu na mkojo, wapi na wapi? – Mama Kijana, Kimilili

JIBU: Pole, mama. Hali hiyo ni haipospadia. Govi ndilo akiba ya kwanza ya mpasuaji, ndiyo maana mtoto wa aina hii hatahiriwi kabla ya kurekebishwa, hata wazee wawe wameshapanga siku. Govi likishatupwa, shavu ndilo mbadala bora. Ngozi yake ya ndani haioti nywele, imezoea majimaji, na hushika damu upesi. Ya korodani huota nywele ndani ya mrija, mkojo ukagandisha mawe juu yake. Si mbinu ya jana: mpasuaji Humby wa Uingereza aliitumia 1941.

Kazi huwa ya awamu mbili. Kwanza uume hunyooshwa kwa kukata nyama ngumu inayouvuta, pakabaki pengo. Shavuni mpasuaji hukwepa kitundu cha mate kilicho mkabala na gego la pili la juu. Kipande hukatwa kikubwa kidogo kuliko pengo kwa sababu kitasinyaa. Mafuta ya nyuma hupunguzwa kwa mkasi, kikashonwa kingoni na katikati kwa nyuzi ndogo ndogo, kisha bandeji hufungwa juu yake ikikigandamiza siku 5 hadi 7.

Siku hizo ndizo za roho mkononi. Kipandikizi, yaani hicho kipande cha shavu, hakina mshipa wake wa damu: siku 2 za mwanzo hufyonza majimaji ya kidonda, ndipo mishipa ianze kuungana. Damu ikivilia chini yake, au kikisogezwasogezwa, hakishiki, kinakufa. Basi kijana atulie kitandani. Bandeji ikinuka au ikilegea, mrudishe wodini; usiifungue wewe.

Mdomo hupona wiki 2 hadi 3. Mpe uji uliopoa na viazi vya kuponda, asukutue kwa maji ya chumvi kila akimaliza kula. Ugali wa moto na pilipili vingoje.

Awamu ya pili ni baada ya miezi 6 au zaidi, kipandikizi kikishalainika. Ukiambiwa bado ni kigumu, usimharakishe daktari. Hukunjwa kuwa njia ya mkojo juu ya katheta, yaani mpira mwembamba wa kupitishia mkojo, kikafunikwa tabaka la nyama yenye damu kabla ya ngozi. Tabaka hilo husaidia kuzuia kitundu cha pembeni kinachovujisha mkojo, kasoro inayosumbua sana. Kikitokea, nacho huachwa miezi 6 hivi ndipo kishonwe. Mkojo ukitoka kama uzi huku akijikamua, njia imebana: mpeleke akaonwe.

SWALI: Mtoto wetu ana siku 4, tundu liko chini na korodani hazishikiki. Tungoje akue? – Baba, Nakuru

JIBU: Msingoje. Nendeni hospitali leo apimwe homoni, chumvi na sukari ya damu. Huenda ni msichana mwenye hitilafu ya tezi za juu ya figo, ambayo humfanya aonekane kama mvulana, hupoteza chumvi mwilini na kuua ndani ya wiki chache. Akitapika, akalegea au akakataa titi, ni dharura.